Asili ya Neno Metikulasi

Iko nchi moja ambayo si vizuri kuitaja jina, kwa kuwa wakubwa wake hawapendi kutajwa wakiwa hawapo. Haiko mbali sana. Ukiona watu wanasifu maji huku wamebana pua, ujue umeshavuka mpaka.

Katika nchi hiyo aliishi Severini Makunja, mkalimani mkuu wa serikali. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama kwa kusimama miaka mingi nyuma ya viti vya watu wafupi. Ujanani alisoma seminari, akakaribia upadri, akaacha, na alichotoka nacho huko ni Kilatini na tabia ya kunawa mikono kila mara. Kazi yake aliijua. Waziri akisema upuuzi mbele ya balozi, Severini aliugeuza ukawa hoja. Balozi akitukana kistaarabu, Severini aliligeuza tusi likawa pongezi. Wote wakaondoka wameridhika, na nchi ikaendelea kukopa.

"Mimi ni bomba tu," alipenda kumwambia mdogo wake, Eufrasia. "Sichagui kinachopita ndani yangu."

Eufrasia alikuwa mkemia wa Mamlaka ya Maji ya mji mkuu, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, asiyejua kucheka kwa kumridhisha mtu. "Mabomba ndiyo kazi yangu, kaka," alimjibu. "Bomba hubaki na harufu ya kilichopita."

Mambo yalianzia mezani, ughaibuni, kwenye karamu ya wafadhili. Kiongozi wa nchi hiyo, aitwaye Mtukufu Kinara wa Taifa, aliandaliwa samaki mzima. Kinara aliogopa miiba. Aliogopa sumu pia. Basi akamfumua yule samaki uzi kwa uzi, kila kipande akakinusa, akampa msaidizi wake aonje, akasubiri kuona kama msaidizi ataanguka, ndipo akala. Wenzake walikuwa wameshamaliza matunda na kahawa. Mama wa Kizungu aliyeketi kando yake, kwa kutafuta la kusema, akasema Mtukufu ni mtu metikulasi sana.

"Amesemaje?" Kinara akauliza bila kugeuka.

Severini, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akainama. "Amesema Mtukufu ni metikulasi. Yaani mwangalifu mno, mkamilifu wa kila jambo, asiyeacha hata kitu kidogo kimpite."

Kinara alitafuna neno hilo muda mrefu kuliko samaki. "Sisi hatuna neno kama hilo?"

"Tunayo, Mtukufu. Makini. Mwangalifu."

"Hayo wanaitwa hata mafundi cherehani," Kinara akasema. "Mimi nataka hilo."

Ndege iliporudi nyumbani, neno lilishuka kabla ya abiria. Mwaka ule ukatangazwa kuwa Mwaka wa Metikulasi. Redio ikaanza kulitamka kila baada ya wimbo. Ikapangwa kwamba siku ya sikukuu ya taifa, pale uwanja wa michezo, Kinara mwenyewe atawafafanulia wananchi maana ya neno hilo na asili yake. Waziri wa Mwelekeo, Mheshimiwa Hidaya Lumwago, mama mnene mwenye sauti laini iliyowatetemesha makatibu, akamwita Severini ofisini.

"Maana tunayo," Waziri alisema. "Nipe asili."

Severini alijikohoza. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alijibu kile alichoulizwa. "Linatoka Kilatini, Mheshimiwa. Mzizi wake ni metus, yaani woga. Hapo mwanzo mtu metikulasi alikuwa mtu aliyejaa woga. Waingereza walilichukua na maana hiyohiyo. Baadaye likawa la mtu anayehangaikia vijambo vidogo kupita kiasi, kwa kuogopa kukosea. Hii sifa njema imekuja mwishoni kabisa."

Waziri aliinuka, akafunga dirisha. "Nani mwingine anajua?"

"Kila mwenye kamusi kubwa, Mheshimiwa."

Wiki hiyo kamusi kubwa zote zikaondolewa maktaba kwa ajili ya matengenezo.

Kisha ikaundwa Kamati ya Asili, chini ya Profesa Ananiya Tungaraza, msomi aliyekuwa ameshathibitisha mambo mengi. Profesa hakuchelewa. Aligundua kwamba bibi mzaa bibi wa Kinara aliitwa Meti. Bi Meti alipokuwa mtoto alikuwa na pupa ya chakula, na mama yake alizoea kumkanya: "Meti, kula si kubugia." Mzungu mmoja msafiri, akipita kichochoroni na mizigo yake, akayasikia maneno hayo, lakini kwa sababu alikuwa na haraka aliondoka na nusu yake tu: Meti-kula-si. Akaenda nayo kwao, nako yakawastaarabisha.

"Na hilo la kubugia?" Severini aliuliza kikaoni.

"Hilo lilibaki hapa," Profesa akajibu kwa unyenyekevu, na wajumbe wakaandika.

Severini alitia sahihi pamoja na wengine. Alipofika nyumbani alinawa mikono, akaketi, akainuka, akanawa tena.

Metikulasi ikaingia kazini. Wakateuliwa wakaguzi wenye glavu nyeupe, wakatawanywa kila ofisi kutafuta walioacha kitu kidogo kikawapita. Mwalimu mmoja alisimamishwa kazi kwa sababu ya vumbi la chaki. Karani wa posta alihojiwa kwa kubandika stempu ikaenda upande. Soko la nguo lilipowaka moto, kikosi cha zimamoto kilifika upesi, kikajipanga, kisha kikasubiri kibali cha kuthibitisha kwamba ule ulikuwa moto. Kibali kilipofika, soko halikuwepo. Kikosi kilipewa nishani, kwani hata nati moja ya mpira wa maji haikuwa imelegea. Watu walielewa somo. Asiyefanya kitu hawezi kukosea, na asiyekosea ndiye metikulasi. Basi nchi nzima ikaketi wima, imeshika kalamu, ikitetemeka.

Severini aliyaona hayo, akakumbuka mzizi wa lile neno. Lakini aliendelea kutafsiri.

Fahari kubwa ya mwaka ule ilikuwa Tangi Kuu la Taifa. Lilichimbwa kilimani juu ya mji mkuu, pana kama kiwanja cha mpira, mdomo wake usawa na ardhi. Siku ya uzinduzi mfuniko wake ulikuwa haujafika, lakini ulikuwa umeshatangazwa kwamba umefika, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuweka uzio mahali ambapo pana mfuniko. Wakuu wa mikoa walimletea Kinara zawadi ya fahali mweupe, amefungwa utepe wa bendera kwenye pembe. Mizinga ilipopigwa, fahali akakata kamba, akatimua mbio kuelekea upande wa tangi. Baadaye hakuonekana.

Hakuna aliyeona alikoingia. Yaani, waliona wote. Ila zawadi ya Kinara haiwezi kufa, na tangi lenye mfuniko haliwezi kuingiwa na fahali. Jioni televisheni ikaonyesha fahali mwingine, wa rangi ya kahawia, akila majani shambani kwa Mtukufu. Mtangazaji akasema amebadilika rangi kwa furaha. Mfuniko wenyewe ulipowasili baadaye, ukafunikwa juu ya yote.

Mji ukaanza kunuka taratibu. Kwanza chai ikawa na utelezi. Kisha maji ya bombani yakatoka na mafuta juu yake, ya njano, yanayoganda ukutani mwa ndoo. Wanawake waliyachuja kwa kanga, wakafua kanga, kanga zikanuka. Nywele zilizooshwa zilifuatwa na nzi. Watoto wa mitaa ya mabondeni walianza kutapika na kuharisha, wakalazwa wawiliwawili kitandani, wakapewa dawa, na dawa ikamezwa kwa maji yaleyale. Serikali ikasema maji sasa yana mwili. Gazeti likaandika kwamba mataifa mengi hunywa maji membamba.

Waziri alimwagiza Severini atafute neno la kuwaambia wafadhili waliokuwa njiani kuja. Severini akatafuta, akapata: harufu ya madini.

Eufrasia alikuja kwake siku ya Jumapili, hakuketi.

"Nimefungua kile kidirisha cha kuchotea sampuli," alisema. "Nimeona pembe, kaka. Utepe bado umefungwa. Mwili umevimba umepasuka, na ngozi inaelea peke yake kama shuka."

"Umemwambia mkuu wako?"

"Nimemwambia. Amesema fahali yuko shambani, jana kapimwa kwenye taarifa ya habari, kanenepa. Kwa hiyo nilichokiona si fahali. Nikamuuliza, basi ni nini? Akasema ni kutokuwa metikulasi kwangu." Alimtazama kaka yake. "Wewe unaongea na Waziri. Mwambie wafunge maji. Siku moja tu, tulimwage tangi, tulitie dawa. Kuna watoto wanazikwa kule bondeni."

"Nitaona namna."

"Utaona namna lini?"

"Nimesema nitaona, Eufrasia."

Aliondoka bila kuaga. Severini akaona namna kwa siku kadhaa. Mara mbili alifika mlangoni kwa Waziri, na mara zote mbili aliulizwa na katibu kama jambo lake limeandaliwa kimetikulasi, akaona heri alirudishe likaandaliwe.

Wafadhili walipowasili, pakaandaliwa hafla ya Kunywa kwa Pamoja, palepale kilimani. Mahema meupe, bendi ya polisi, meza ndefu, na juu ya meza bilauri za maji zilizofunikwa kwa vitambaa vya kushonwa ili nzi wasionekane kuwa na haraka. Mawaziri walisimama kwa safu. Kinara alikuwa na chupa yake iliyotoka nje ya nchi, ila iliyobandikwa picha ya tangi. Ikapangwa kwamba kabla ya kunywa, mtaalamu wa maji atoe neno fupi la kuthibitisha. Mkuu wa Mamlaka alikuwa amepata mafua ghafla. Wakamsukuma mbele Eufrasia.

Alishika maikrofoni kama mtu anayeshika bomba linalovuja. "Maji haya yana fahali ndani yake," alisema kwa sauti ya kawaida. "Ameoza. Msiyanywe, na watoto msiwape hata yakichemshwa."

Wageni, ambao hawakuwa wameelewa hata neno moja, wakamgeukia Severini wakitabasamu, wakisubiri.

Severini baadaye alijaribu sana kukumbuka kama alifikiri kwanza. Hakufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea, na Kiingereza chake kizuri kikatoka kikiwa kimenyooka: mtaalamu wetu anasema maji haya yana nguvu za fahali.

Wageni wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi. Kiongozi wao akainua bilauri, wenzake wakainua, wakanywa. Mmoja alishtuka akashika kifua, lakini adabu ya kwao ilikuwa kubwa, akameza.

Eufrasia alijua Kiingereza. Wakati askari wawili wanamshika mikono alikuwa bado anamtazama kaka yake, bila hasira, kama anavyotazama chupa ya sampuli aliyokwisha kujua kilichomo. Kisha wakampitisha nyuma ya hema.

Severini alikwenda vichakani akatapika. Hakuwa amekunywa hata tone.

Sikukuu ya taifa ikafika. Uwanja ulijaa, watu wamebebwa na malori tangu alfajiri, kila mmoja na bendera ndogo na kichupa cha maji ya Tangi Kuu ambacho ilikuwa lazima kukionyesha getini. Kinara alisimulia habari za Bi Meti. "Wenzetu," alisema, akipandisha kidole, "walikuja hapa wakiwa hawajui kula. Wakatusikia. Wakatuibia nusu ya sentensi, na kwa nusu hiyo wakajenga viwanda. Je, mimi, mjukuu mwenye sentensi nzima, nitawajengea nini?" Watu wakashangilia upande ambao wakaguzi walikuwa wamekaa.

Kisha akasimama kiongozi wa wafadhili, aliyekuwa amekonda kidogo tangu kilimani. Alisema maneno mafupi kwa Kiingereza. Alisema wamekuja kumheshimu kiongozi metikulasi, mwenye serikali metikulasi. Akatulia, ili mkalimani afanye kazi yake.

Severini alisogelea maikrofoni. Uwanja ulinuka, jua lilikuwa likichemsha vile vichupa mikononi mwa watu. Aliwaza mdogo wake yuko chumba gani, kama kuna dirisha. Halafu akatafsiri.

"Mgeni wetu anasema wamekuja kumheshimu kiongozi aliyejaa woga, mwenye serikali iliyojaa woga. Hiyo ndiyo maana ya neno hilo tangu lilipozaliwa. Kiongozi wenu anaogopa samaki. Anaogopa fahali aliyekufa. Anamwogopa mwanamke mmoja aliyesema maji yanaua watoto, amemfunga. Mawaziri wake wanamwogopa yeye, na mimi ninawaogopa wote, ndiyo maana siku ile kilimani nilidanganya."

Mgeni alikuwa hajasema maneno mengi kiasi hicho, lakini kwa mara ya kwanza Severini alikuwa anatafsiri kwa ukamilifu.

Bendera ndogo zikashushwa. Mawaziri walitazama viatu. Na hapohapo Kinara, ambaye wakati wa kusifiwa hakuwa na desturi ya kusikiliza, bali ya kusubiri zamu yake, akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama kwa shukrani. Kiongozi wa wafadhili alipoona hivyo akapiga makofi. Mawaziri wakapiga makofi. Uwanja ukapiga makofi, na makofi yakaendelea kwa muda mrefu sana, maana hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kuacha.

Severini alikaa nyumbani akisubiri gari la askari. Badala yake likaja gari la Waziri, na ndani Waziri mwenyewe.

"Umetutia matatani," Mheshimiwa Lumwago alisema, akikataa chai. "Tukikukamata, itabidi tuseme Mtukufu alitukanwa akashukuru. Haiwezekani. Mtukufu hawezi kushukuru kwa tusi. Kwa hiyo halikuwa tusi."

"Lilikuwa tusi, Mheshimiwa."

"Sikiliza, Bwana Makunja. Kuanzia leo woga ni sifa. Kamati imekaa asubuhi. Woga maana yake ni uangalifu uliokamilika. Nawe umeteuliwa Mwoga Mkuu wa Lugha."

Na ikawa hivyo. Wakubwa wakaanza kusalimiana kwa kupongezana woga wao. Nishani ya Woga, daraja la kwanza, ikavishwa vifua vipana. Shule zikabadilisha nyimbo zao. Lakini woga ukishakuwa sifa, kinyume chake lazima kiwe kosa, na sheria ikatungwa haraka, nayo ikampata mtu wa kwanza akiwa tayari mahabusu. Eufrasia Makunja alishtakiwa kwa ujasiri wa kukusudia.

Mahakama ilimwita Severini kama shahidi mtaalamu, aeleze maana ya maneno ili hukumu isiwe na dosari. Waziri alimtumia dereva na tai mpya. "Utaeleza tu kilichoamuliwa," dereva alimnong'oneza njiani, kama anayefikisha salamu. "Halafu dada yako atapunguziwa."

Eufrasia alisimama kizimbani kwa gauni la kijivu. Amekonda, lakini ngozi yake, Severini aliona kwa mshangao, ilikuwa safi kuliko ya watu wote mle ndani. Wengine walikuwa na vipele, hata hakimu, aliyekuwa akijikuna chini ya joho.

"Shahidi," hakimu alisema. "Wewe ndiye mtaalamu wa lugha. Jasiri ni nani?"

"Ni mtu anayesema maji yameoza wakati yameoza."

Wakili wa serikali akainuka. Hakimu akamkalisha kwa mkono uliokuwa unajikuna. Alitaka kumpa shahidi nafasi ya kujirekebisha. "Na mwoga?"

"Ni mtu anayeyatafsiri," Severini akasema.

Eufrasia aliinamisha kichwa, na kaka yake akaona mabega yake yanatikisika. Kwa kuwa hakuwa amemzoea akicheka, ilimchukua muda kuelewa. Siku hiyohiyo wote wawili walihukumiwa, mmoja kwa ujasiri na mwingine kwa kuueleza vizuri.

Gereza la nchi hiyo liko bondeni, lilijengwa na wakoloni, ambao hawakuwahi kuwaamini wafungwa hata wawaunganishe na bomba la mji. Katikati ya uwanja wake kuna kisima kirefu na pampu ya mkono. Maji yake ni baridi, hayana rangi, hayana ladha, hayana mwili wowote. Wafungwa ndio watu pekee katika mji mkuu wanaooga wakatakata. Severini, aliyefika pale akitaka kunawa mikono, alinawa mara moja ikatosha.

Wamempa Eufrasia kazi ya pampu. Asubuhi magari meusi hupanga foleni nje ya lango, vioo vimepandishwa, na madereva hushuka na madumu. Mkuu wa gereza huwaruhusu, kwa sababu naye ana wakubwa. Leo kuna dereva mgeni, wa nyumba ya Mtukufu mwenyewe, kijana nadhifu mwenye Nishani ya Woga, daraja la tatu. Aliweka dumu chini ya pampu, akamtazama mwanamke wa gauni la kijivu, kisha akatazama huku na huku.

"Mama, haya maji yamepimwa?"

"Yamepimwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Kijana alifikiri. Alikuwa amemsikia mwanamke huyu kwenye redio, na alijua alichofungiwa. Severini, aliyekuwa ameshika mpini upande wa pili, alimwona akitafuta jibu lisilo na hatari, asilione.

"Basi jaza," dereva alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Jaza mpaka juu."